Paa la SLK limegoma katikati: kulifunga kwa mkono, na spea za kung'oa kwenye gari lililogongwa

"Habari za kazi mtaalamu. Nina Mercedes SLK 230 ya mwaka 1999, niko Dar es Salaam. Juzi nilifungua paa likaishia nusu: mfuniko wa buti umesimama, paa limeinuka juu ya viti, halafu basi. Nikibonyeza swichi nasikia mvumo kwa nyuma lakini hakuna kinachosogea. Nimelifunika gari kwa turubai na mvua zimeanza. Fundi wangu anasema pampu imekufa, anataka kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ili paa lishuke. Mwingine ameniambia niongeze oili ya breki. Kuna SLK kama yangu iliyogongwa, ipo yadi moja Gerezani, na mwenyewe anataka kuniuzia paa zima pamoja na pampu. Je, ninaweza kulifunga kwa mkono bila kuharibu kitu? Na kwenye lile gari nichukue nini?"

Pole sana ndugu yangu, hasa kwa kuwa mvua haikusubiri. Jibu la swali la kwanza ni ndiyo: paa hilo la chuma, linalojikunja na kuingia ndani ya buti, linafungika kwa mkono, na walioliunda waliacha njia ya kufanya hivyo. Jibu la pili litakuokolea fedha zaidi: usinunue paa zima. Lakini kabla ya yote, leo hii tafuta gongo imara la mbao, lizungushie kitambaa, uegemeze mfuniko wa buti ulipo. Kinachoushikilia sasa ni oili iliyofungiwa kwenye silinda tu, na ikivuja polepole mfuniko hushuka wenyewe, pengine juu ya mkono wa mtu.

Sasa hilo la pampu kufa. Umesema unasikia mvumo. Pampu iliyokufa kwa kawaida haivumi. Mota ya umeme inazunguka, na tatizo liko kati ya mota na paa. Ukielewa gari linavyofanya kazi utaona kwa nini.

SLK yako ni ya kizazi cha kwanza, R170, iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2004. Ndani ya buti, nyuma ya zulia la pembeni, kuna pampu ya haidroliki yenye tangi dogo la oili. Pampu inasukuma oili kwenye mipira myembamba ya plastiki ngumu hadi kwenye silinda: zipo zinazoinua paa, zipo zinazoinua mfuniko wa buti, na ipo inayofungua kufuli la mbele, pale paa linapokutana na fremu ya kioo. Pampu haichagui ianze na silinda ipi. Kazi hiyo ni ya valvu za umeme, nazo zinaamrishwa na kontroli boksi, yaani kisanduku cha umeme kinachoongoza paa. Kontroli boksi nayo haitoi amri mpaka ipate taarifa kutoka kwenye swichi ndogo zilizotawanywa: kufuli limefunguka, mfuniko umefika juu, pazia la buti limevutwa, na kadhalika. Swichi moja ikinyamaza, safari nzima ya sekunde 25 inakatika hapohapo.

Kwa hiyo dalili zinasomeka hivi. Ukibonyeza na kukawa kimya kabisa, tafuta kwenye umeme: fyuzi, rilei, swichi, au waya uliokatika. Mota ikizunguka na paa likasimama kila mara mahali palepale, shuku swichi ndogo ya hatua hiyo. Mota ikivuma na hakuna kinachosogea, kama kwako, sababu kubwa ni nne: oili imepungua, valvu haipati umeme, betri haina nguvu ya kutosha, au valvu ya dharura kwenye pampu imelegezwa na mtu akasahau kuikaza. Hiyo ya mwisho waulize waliowahi kushika gari kabla yako. Pampu nzuri nyingi zimehukumiwa kwa kosa hilo.

Ndiyo maana ninakusihi umzuie fundi wako asiipe pampu umeme wa moja kwa moja. Atakapofanya hivyo valvu zitabaki zimelala, kwa sababu hakuna kontroli boksi inayoziamrisha. Oili itakwenda inakokuta njia, si inakotakiwa. Mfuniko unaweza kushuka wakati paa bado liko njiani, na chuma kikikutana na chuma kwa nguvu ya haidroliki kinachopinda ni fremu. Fremu iliyopinda ni vigumu mno kuirudisha sawa.

Na oili ya breki, hapana kabisa. Mfumo huu unatumia oili nyepesi ya madini ambayo Mercedes huiuza kwa namba A 000 989 91 03. Oili ya breki ni kemikali ya aina nyingine, na sili za mfumo huu (pete za kuzuia oili isivuje) hazikutengenezwa kuistahimili: zinavimba, zinalainika, kisha zinaachia. Ukiimimina leo, utakuwa umeharibu silinda zote kwa mkupuo. Oili nyekundu ya gia otomatiki, ambayo wengi huitumia, haina ukatili huo, lakini uzito wake si uleule na sikushauri uichanganye. Lita moja ya oili sahihi inatosha kujaziliza na kubaki na akiba.

Kabla ya kushika alenki (ufunguo wa pembe sita), jaribu haya. Pima betri kwa mita gari likiwa limezimwa: betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikiwa iko chini ya 12.2, usitoe hukumu yoyote juu ya paa. Ichaji kwanza, au washa injini ndipo ubonyeze swichi. Pampu hii inakula umeme mwingi, na betri inayoweza kuwasha redio na taa inaweza kabisa kushindwa kuinua paa. Kisha angalia pazia la buti, lile linalotenganisha mizigo na nafasi ya paa. Lisiponasa vizuri pande zote mbili, gari linaamini kuna begi njiani na linakataa. Lichomoe, lifute vumbi, lirudishe hadi linase. Mwisho, angalia kiwango cha oili kwenye tangi kwa tochi, ila kumbuka kuwa paa likiwa nusu njia sehemu ya oili iko kwenye silinda, hivyo alama za tangi hazisemi kweli. Unachotafuta sasa ni kama tangi ni kavu. Likiwa kavu, ongeza kidogo, kiasi cha kufunika mdomo wa kunyonyea, ujaribu tena. Ukijaza hadi juu sasa, itamwagika ndani ya buti paa litakapofunga.

Ikishindikana, fungeni kwa mkono. Nasema fungeni kwa sababu hii si kazi ya mtu mmoja. Wawili ni lazima, watatu ni bora. Chomoa ufunguo wa gari uweke mfukoni, ili mtu asiguse swichi wakati vidole viko ndani. Subirini kama dakika kumi ili presha ishuke. Vioo vya milango vishushwe kabla ya kuchomoa ufunguo, vinginevyo mpira wa paa utang'ang'ania ukingo wa kioo na kuchanika.

Tafuta pampu nyuma ya zulia la buti. Kwa kawaida imevishwa sponji ya kuzuia kelele. Juu ya mwili wake kuna skrubu ya valvu ya dharura inayozungushwa kwa alenki. Kitabu cha gari kina maelezo ya kufunga paa kwa dharura na kinaonyesha skrubu hiyo iko wapi. Kama kitabu kilipotea, usikisie kwa kulegeza kila skrubu unayoiona. Mwenzako ashike mfuniko wa buti na mwingine ashike paa KABLA hujagusa valvu, maana ukiifungua tu hakuna kitakachovishikilia tena. Zungusha polepole kinyume cha saa, mzunguko mmoja hivi, hadi uhisi paa limelegea. Usiitoe yote, ukiitoa, oili itatoka na hewa itaingia.

Sasa lisukumeni paa kwenda mbele, mmoja kushoto na mmoja kulia, kwa mwendo uleule. Hapa ndipo watu wanapokosea: upande mmoja ukitangulia, viungo vya fremu vinajipinda na paa linakaza. Likikaza, rudini nyuma kidogo, msawazishe, muanze tena. Shikeni kwenye ukingo wa bati, si kwenye kioo cha nyuma wala kwenye mikono ya fremu. Msiweke kiganja pale vipande viwili vya paa vinapokutana, wala kichwa chini ya mfuniko. Likifika mbele, pini zake ziingie kwenye matundu ya fremu ya kioo, kisha mshushe mfuniko wa buti taratibu hadi unase.

Kufuli la mbele pia hukazwa kwa mkono, kwa kufuata ukurasa uleule wa kitabu. Lisipofunga kabisa, gari halitakiwi kwenda barabarani kwa mwendo wa kawaida: upepo unaoingia chini ya paa lisilofungwa unaweza kulinyanyua. Livutwe, au lipakiwe kwenye gari la kubebea, au liendeshwe mwendo wa kutembea hadi kwenye kibanda kilicho karibu. Taa ya onyo ya paa ikiendelea kuwaka, ichukulie kama ushahidi kwamba halijafunga hata kama kwa macho linaonekana limekaa.

Mkishamaliza, fungua buti kwa njia yake ya kawaida ya mizigo na uikaze ile valvu, kwa mkono mwepesi, basi. Ukisahau, siku ya kujaribu tena pampu itavuma bure na tutarudi tulipoanzia.

Gari likiwa limefungwa na kukauka, anza uchunguzi kwenye nyaya za bawaba ya buti. Mfuniko wa SLK unafunguka kwa njia mbili, mbele kwa ajili ya paa na nyuma kwa ajili ya mizigo, na nyaya zinazopita pale zinapindwa kila mara. Baada ya miaka ganda linapasuka, kisha shaba inakatika ndani huku nje waya unaonekana mzima. Vuta mpira unaozifunika, kunja kila waya mmoja mmoja kwa vidole, na angalia hasa waya wa kahawia, ambao kwenye magari ya Kijerumani ni wa ethi, yaani wa hasi unaoishia kwenye bodi. Kama na taa za namba ya gari au kufuli la buti vimekuwa vikisumbua, uwezekano ni mkubwa kwamba umeshapata mgonjwa wako. Waya uliokatika uunganishwe kwa kipande kipya cha waya laini, ulehemiwe, na uvishwe mrija wa kubana kwa joto; viungo visipangwe mahali pamoja, maana vitatengeneza fundo linalokatika tena. Kusokota na kufunga solotepu pale hakudumu hata msimu mmoja.

Nyaya zikiwa nzima na oili ikawa imepungua, basi inavuja mahali. Futa kila silinda kwa kitambaa cheupe, rudi kesho uone ipi imelowa. Usisahau ile ya mbele: oili ikidondoka karibu na kioo, juu ya vichwa vyenu, ndiyo hiyo.

Sasa twende Gerezani. Kanuni yangu ni moja: kwenye gari bovu chukua kile ambacho umri haukigusi, acha kile ambacho umri unakila. Silinda za paa hazifi kwa kutumika sana. Sili zake, za plastiki laini inayoitwa poliuretani, zinaoza zenyewe kwa miaka na joto, hata kama paa halijafunguliwa kamwe. Silinda ya gari lile ina umri kama wa yako na imekaa juani labda zaidi. Ukiifunga, itavuja baada ya muda mfupi na utakuwa umelipia kazi mara mbili. Vivyo hivyo mipira ya kuzuia maji kandokando ya paa: bonyeza kwa kucha, kama haurudi ulivyokuwa au una nyufa ndogo, hauna faida kwako hata kwa bure.

Paa zima ninalikataa kwa sababu hiyo, na kwa nyingine. Fremu, bawaba na mfuniko vilirekebishwa kiwandani vikae sawa na bodi moja. Kuvihamishia kwenye gari jingine ni kazi ya siku kadhaa za kurekebisha milimita, na gari lililogongwa kwa nyuma huwa limepinda hata pasipoonekana. Tazama basi lile limegongwa wapi. Kama ni mbele tu, sehemu ya nyuma ina thamani. Kama ni nyuma au ubavuni nyuma ya mlango, chukua vya umeme uache vyuma.

Vinavyofaa ni hivi: kontroli boksi ya paa, pazia la buti na swichi yake, swichi ndogo za kufuli na mfuniko, swichi ya paa ya kwenye dashibodi ya kati, klipu na vifuniko vya plastiki ambavyo huvunjika kila zulia linapofunguliwa, na mkanda wa nyaya wa bawaba ya buti, ukatwe mbali na bawaba, ili upate soketi zake na waya wa ziada hata kama penyewe pale umechoka. Pampu nayo chukua ikiwa bei ni ya heshima, kama akiba. Na silinda pia unaweza kuchukua, ila kwa sharti moja: uzihesabu kuwa ni chuma cha kuvishwa sili mpya, na ulipe bei ya chuma. Vuta fimbo yake nje yote, ifute, pitisha ukucha. Ikiwa laini kama kioo, ni nzuri hata kama imejaa utomvu mweusi. Huo ni mabaki ya sili iliyooza. Ikiwa na mkwaruzo au vishimo vya kutu, iache, maana itachana sili mpya wiki ya kwanza.

Hakikisha namba. Namba ya chesisi ya magari haya inaanza na WDB170, na spea zake nyingi zina namba inayoanza na A 170. Za haidroliki mara nyingi hufuatiwa na 800. Kwa kontroli boksi linganisha tarakimu zote hadi ya mwisho, kwa sababu gari lilifanyiwa mabadiliko mwaka 2000. Ukiagiza kwa wafanyabiashara wanaoleta spea kutoka Sharjah, usihofu kwamba magari ya kule yana usukani wa kushoto: silinda, pampu na swichi ndogo za paa hazijali usukani uko wapi. Hofia maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha magari mengi sana Sharjah na Dubai. Fungua soketi ya kontroli boksi uone pini: zikiwa na ukijani au tope kavu, rudisha.

Namna ya kung'oa nayo ina kanuni zake. Piga picha kila kitu kabla ya kulegeza chochote. Ikiwa paa la gari lile limesimama nusu, liegemeze kwa mbao kabla ya kutoa pini ya silinda yoyote. Pini hiyo ndiyo inayobeba uzito. Mipira ya haidroliki inashikiliwa na klipu ndogo na o-ringi, kwa hiyo toa klipu kwanza, kisha vuta kwenye kichwa cha chuma, si kwenye plastiki. Uwe na kitambaa cha oili. Funga kila tundu papo hapo kwa kifuniko safi au kipande cha nailoni na lastiki, maana chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye valvu inatosha kuizuia isifunge. Bandika alama kwenye kila mpira: umetoka wapi, umeingia wapi. Pampu ijaribiwe palepale: iguse kwenye betri sekunde moja au mbili tu, isikilizwe kama inazunguka laini bila kukwaruza. Hapa kuipa umeme hakuna hatari, kwa sababu haijaunganishwa na paa.

Kuhusu sili mpya, karakana zinazotengeneza silinda za foklifti na ekskaveta zinaweza kusaidia kwa baadhi, lakini ulizia kwanza kama wameshafungua silinda ndogo za aina hii. Nyingine zimefungwa kwa pete ya waya iliyofichwa ndani, na asiyeijua huikata kwa msumeno. Wakisita, zipeleke kwa wanaofanya kazi hii peke yake nje ya nchi. Ni ghali kidogo na utasubiri, ila zinarudi na sili za aina bora kuliko za kiwandani. Baada ya kurudisha silinda, mfumo hujitoa hewa wenyewe: fungua na kufunga paa mara tatu hadi tano, ukiangalia tangi kila mara na kuipumzisha pampu katikati isipate joto.

Ipo pia njia ambayo wengi hawapendi kuisikia: kulifunga paa vizuri, kukaza kufuli la mbele, na kuliacha hivyo mpaka fedha zipatikane. Gari halitaharibika. Ni bora hivyo kuliko kulilazimisha kila Jumamosi na silinda inayovuja.

Lipeleke gari kwa mtaalamu wa ana kwa ana, mwenye mashine inayosoma kontroli boksi ya paa na si ya injini peke yake, ikiwa paa linakwenda upande wakati wa kulisukuma, ikiwa unaona bawaba imepinda au kioo cha nyuma kina ufa, au ikiwa nyaya, betri na oili viko sawa na bado linagoma. Mwambie akuonyeshe swichi ipi haitoi taarifa kabla hajabadilisha kitu. Na kama mlishaongeza oili ya breki kabla ya kusoma haya, usibonyeze tena swichi hata mara moja. Tangi linyonywe na mfumo usafishwe kwanza.